Kinanda Kisicho na Mapengo

Mtaani walimwita Fundi Rula, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Alikuwa mwandishi wa mabango: ya maduka, ya saluni, ya zahanati, ya milango ya ofisi ambazo wenyewe hata hawazifungui. Herufi zake zilisimama wima zote, zikiachana kwa nafasi moja, na akipita mbele ya bango la mtu mwingine lenye herufi iliyoegama aliharakisha mwendo kama aliyesikia harufu mbaya. Kosa la mwenzake lilimwasha mwili mzima. Kosa lake mwenyewe hakuwahi kuliona. Nyani haoni kundule, na Fundi Rula hakuwa na sababu ya kutofautiana na nyani wengine.

Mkewe aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Zamani kidogo aliwahi kumwambia, tena kwa upole, kwamba mshale aliouchora kwenye bango la zahanati unawaelekeza wagonjwa ukutani. Fundi alinuna mpaka nyumba nzima ikawa inanyata. Hakumpiga mtu wala hakumtukana mtu. Alikula bila kusema neno, akajibu salamu kwa koo, akazima taa wakati wenzake bado wana kazi mikononi. Mwishowe alikwenda kuugeuza ule mshale, akarudi akidai kwamba wenye zahanati wamehamisha mlango. Tangu hapo mkewe akiona kosa alilimeza, na binti yao, mdogo wakati ule, alimwona mama yake akimeza.

Binti huyo sasa alikuwa darasa la nne. Walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake, ambao ulianza kazi kabla ya macho kufunguka asubuhi. Shuleni kwao kulikuwa na onyesho la muziki kila mwaka, miti ya uwanjani inapoanza kuchipua, na mwaka huu mwalimu wa muziki alikuwa amemchagua Chiriku kupiga kinanda katika wimbo wa kufungulia. Angeanza peke yake, ukumbi mzima kimya, kisha wenzake wangeingia kwa sauti.

Fundi Rula alipopata habari hizo hakuweza kukaa. Katika ukoo wao mtu akiitwa mbele ya ukumbi, alikuwa anaitwa kugombezwa. Aliwaambia wateja wake wote, hata yule aliyekuja kuchukua bango tu na kuondoka.

Lakini shule ilikuwa na kinanda kimoja, na watoto walikuwa wengi kuliko vitufe vyake. Kwa hiyo mwalimu aliwapa karatasi ndefu zilizopigwa picha za vitufe, wakaziweke mezani nyumbani, watembeze vidole huku wakiimba noti kwa mdomo. Chiriku alileta yake ikiwa imekunjwa mfukoni mwa sketi. Baba yake aliinyoosha, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa kichwa.

"Mashine yao imeishiwa wino," alisema. "Tazama hapa. Cheusi, cheusi, halafu pengo. Vyeusi vitatu, halafu pengo tena. Mtoto atajifunza nini kwa kazi ya hovyo namna hii?"

Chiriku alifungua mdomo. Mama yake, aliyekuwa kwenye cherehani akikata uzi kwa meno, alimtupia jicho mara moja tu, na mtoto akaufunga. Fundi aliliona hilo, akadhani ni furaha imemkaba.

Alitafuta ubao wa mti laini, akaupiga msasa, akaupaka rangi nyeupe ya kung'aa. Akapima upana wa vitufe vyeupe kwa rula kutoka kwenye ile karatasi, maana hapo mashine ilikuwa imefanya kazi yake. Kisha akachora vile vyeusi, kimoja kati ya kila vyeupe viwili, kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kuruka. Akamalizia kwa vanishi. Ulikuwa ubao mzuri, hilo hakuna wa kulikataa, na karatasi ya shule ilikwenda kuwashia jiko. Kila mgeni aliyekaa sebuleni aliwekewa ule ubao magotini hata kabla ya kuulizwa hali.

"Gusa," Fundi alimwambia. "Hakuna pengo hata moja."

Basi kila jioni Chiriku aliketi mezani akigonga ubao na kuimba noti zake, na baba yake alitembea nje, mlangoni na dirishani, dirishani na mlangoni, akisikiliza vile vidole. Kadiri siku ya onyesho ilivyokaribia ndivyo alivyozidi kuhangaika. Aliweka brashi kwenye kopo lisilo lake. Alianza chai akaiacha ikapoa. Usiku aligeuka kitandani mpaka mkewe akahamishia blanketi lote upande wake. Na Chiriku alikuwa amepunguza maneno, jambo ambalo lingemshtua baba mwingine. Huyu alisema mtoto amekua.

Siku moja kabla ya onyesho alikwenda shuleni kuandika jina la shule kwenye pazia la jukwaa. Kazi hiyo aliiomba mwenyewe, bila malipo, ili mwanawe apige kinanda chini ya herufi zilizonyooka. Alikuwa juu ya ngazi, amebana brashi mdomoni, mwalimu wa muziki alipoingia. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyezoea kusema huku anatembea, lakini sasa alisimama.

"Baba Chiriku, naomba ushuke kidogo."

Akashuka.

"Nimeona nikuambie mapema, usije ukashtukia kesho. Wimbo wa kufungulia atapiga yule mtoto wa dereva wa basi la shule. Chiriku ataimba na wenzake."

Fundi alitoa brashi mdomoni. "Kwa nini?"

"Vidole vyake vinapotea. Nikimwambia anza, mkono unatangatanga, unatua pasipo. Kila wiki tunaanza upya, wakati wenzake wanasonga mbele. Nimemwuliza kama anafanya mazoezi nyumbani, anasema anafanya kila siku. Nikamwambia kukosea si dhambi, ila uongo sitaki."

"Mwanangu si mwongo." Sauti ya Fundi ilipanda mpaka ikagonga dari. "Kila jioni anafanya, mimi nipo, nasikia kwa masikio yangu. Nimemtengenezea kinanda cha ubao kwa mikono hii. Bora kuliko hiyo karatasi yenu yenye mapengo."

"Mapengo gani?"

"Njoo nikuonyeshe," alisema Fundi, na kwa hasira alizokuwa nazo alikwenda mwenyewe kwenye kinanda kilichokuwa pembeni ya jukwaa, akafunua kifuniko chake.

Vyeusi viwili, halafu pengo. Vyeusi vitatu, halafu pengo. Viwili, pengo, vitatu, pengo, mpaka mwisho wa kinanda. Alirudi mwanzo akaangalia tena, kama mtu anayetumaini kwamba wingi wa kutazama utabadilisha kitu. Nyuma yake mwalimu alikuwa anaendelea kueleza, maskini, bila kujua anachomchoma nacho.

"Nimewafundisha wote njia moja. Usihesabu kutoka pembeni, utachelewa. Tafuta vyeusi viwili vilivyo pamoja, kidole gumba kiende kwenye cheupe cha kushoto kwavyo, basi umefika nyumbani. Watoto wote wameshika, isipokuwa yeye. Ulisema mapengo gani, Baba Chiriku?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi, fupi tu. Lakini nje watoto walikuwa wameanza kugombea ngoma, mmoja akalia, mwalimu akakimbilia mlangoni, na Fundi Rula akafunika kile kinanda polepole kama anayefunika maiti. Aliporudi mwalimu, Fundi alikuwa juu ya ngazi.

"Nitaongea naye nyumbani," alisema, akiwa amempa mgongo.

Njiani hakujua miguu yake inapita wapi. Kila bango alilolipita lilikuwa la mkono wake na lilimkodolea macho. Alijitetea moyoni: karatasi ilikuwa imefifia, mtu yeyote angedhani ni wino. Kisha akakumbuka maneno ya mwalimu, uongo sitaki, na utetezi wote ukaisha. Mtoto alikuwa ameitwa mwongo kwa ajili ya rangi yake, na yeye ameliacha jina hilo likae kwa mtoto mpaka kesho kwa sababu aliona aibu kushuka ngazi. Alijichukia, na hakuwa na mazoea ya kujichukia, hivyo hakujua aanzie wapi.

Nyumbani alimkuta Chiriku mezani anagonga ubao. Alikuwa ameshaambiwa shuleni mchana huo kwamba hatapiga, na bado alikuwa anagonga. Baba yake alisimama mlangoni akaangalia zile ncha za vidole zikienda na kurudi juu ya vyeusi vilivyozidi.

"Umeshindaje shuleni?" aliuliza.

"Salama."

"Mwalimu hajambo?"

"Hajambo."

Neno moja moja, Chiriku yule yule. Walipomaliza kula, Fundi alisema ubao unahitaji vanishi nyingine, akauchukua mpaka kibandani kwake nyuma ya nyumba, akaweka taa mezani na kuanza kukwangua. Alifikiri hivi: avifute vile vilivyozidi, aurudishe ukiwa sawa, kesho keshokutwa mtoto azoee, na jambo lizikwe bila mtu kusema kitu. Ndivyo alivyogeuza mshale wa zahanati.

Alikuwa amefuta kitufe kimoja na anaanza cha pili aliposikia mtu amesimama nyuma yake.

"Unakwangua nini, Baba?"

"Rangi imebanduka."

"Haijabanduka." Chiriku alisogea, akainamia ubao, akanyoosha kidole. "Umekosea tena. Hicho kinatakiwa kibaki. Cha kufuta ni kile kinachofuata."

Kisu kilisimama. Nje upepo ulikuwa unapigapiga kipande cha bati, na Fundi alikisikiliza kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili.

"Ulijua?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Siku uliyouchora."

"Sasa mbona hukusema, mwanangu?"

Mtoto ambaye angeweza kusimulia safari ya kwenda dukani mpaka chakula kikapoa alikosa maneno. Alichezea ncha ya mkono wa sweta yake. Kisha akasema neno moja.

"Ungenuna."

Fundi Rula aliketi juu ya kopo la rangi. Alitaka kukataa. Mdomo ulishaanza kujiandaa, nani, mimi, lini, lakini macho ya mtoto yalikuwa yanamtazama yakisubiri hilo hilo, kama mtu anayesubiri mvua baada ya kusikia ngurumo.

"Mwalimu alikuita mwongo," alisema badala yake.

"Ndiyo. Mbele ya darasa."

"Na ukanyamaza."

"Ningemwambia ubao umekosewa, angekuambia wewe." Alivuta kamasi. "Nilijaribu kuwaza kwamba vile vingine havipo. Lakini vidole vimevizoea. Nikifika shuleni vinakwenda kule kwa nyumbani, nikirudi nyumbani vinakwenda kule kwa shuleni. Nilitaka kupiga, Baba. Nilitaka sana."

Hapo ndipo alipolia, kwa kwikwi, uso ameugeuzia ukutani. Baba yake alimvuta, akamkumbatia kwa mikono yake yenye rangi. Mama yake Chiriku alikuwa amefika mlangoni akiwa na kitambaa begani.

"Na wewe ulijua?" Fundi alimwuliza mkewe, bila ukali.

"Mimi kinanda sikijui, Baba Chiriku. Ila nilimwona mtoto anataka kusema. Nikamnyamazisha, tuishi kwa amani."

"Amani gani?"

"Hiyo hiyo ya humu ndani," alisema mkewe, akamchukua mtoto kwenda kumnawisha uso.

Asubuhi Fundi alifika shuleni kabla ya kengele. Mwalimu wa muziki alikuwa anapanga mabenchi ukumbini, na Fundi akamsaidia kubeba moja, la pili, la tatu, akaongelea hali ya hewa, akasifu pazia, mpaka mwalimu akaweka benchi chini na kumwuliza kama kuna tatizo. Maji yalikuwa yameshafika shingoni.

"Mwanangu hakudanganya," alisema. "Alifanya mazoezi kila siku, kwenye ubao wa makosa. Ule ubao niliuchora mimi. Niliona mapengo nikadhani ni wino umeisha, nikayajaza." Akavua kofia. "Nimekosea."

Lilikuwa neno jipya mdomoni mwake na lilitoka limepinda. Mwalimu alimtazama, akakitazama kinanda, akaketi kwenye benchi.

"Umeyajaza yote?"

"Yote. Kwa vanishi."

Pengine siku nyingine angecheka. Leo alifunika mdomo kwa kiganja. "Nami nilimwita mwongo mbele ya wenzake. Sikumwuliza hata anatumia nini."

"Mrudishe basi. Leo. Mpe nafasi yake."

"Akiketi sasa hivi mkono utatua wapi?"

Fundi alikitazama kinanda.

"Na yule mwingine amefanya kazi. Bibi yake amepanda basi kuja kumwona. Nikimwondoa saa hizi, jana nilimwumiza mmoja, leo nitaumiza wawili. Siwezi, Baba Chiriku. Nisamehe."

Alibishana naye kidogo, maana mazoea yana taabu, akaomba, akaahidi kupaka rangi madarasa yote. Mwalimu alitikisa kichwa. Maji yalikuwa yamemwagika, na Fundi aliyaona yanavyokwenda. Ndipo akasema, "Basi kama hukumwita mwongo faraghani, usimsafishe faraghani."

"Sawa," alisema mwalimu. "Lakini na wewe utakuja."

Ndiyo maana, muda mfupi kabla ya wazazi kuingia, Fundi Rula alijikuta amesimama kwenye ujia mbele ya mstari wa watoto waliovaa mashati meupe, kofia mkononi. Mwalimu alisema ya kwake kwanza, wazi, bila kujificha: Chiriku alisema kweli, mimi ndiye niliyemkosea. Kisha akampisha. Fundi alikuwa ameandika maneno makubwa kwenye kuta za mji mzima, lakini haya machache yalimtoa jasho.

"Kinanda cha nyumbani nilikichora mimi," alisema. "Nilikosea. Yeye hakukosea."

Mtoto mmoja wa mbele, mwenye pengo la meno, alimwangalia kwa huruma. "Kwani wewe hujui kinanda?"

"Sijui."

"Sasa ulichoraje?"

Watoto wakacheka, na Fundi akawaacha wacheke. Masikio yalimwaka moto. Alimtafuta Chiriku kwenye mstari wa pili, akamkuta anatazama sakafu. Aliendelea kumtazama mpaka mtoto akainua kichwa, na wote wawili hawakujua wafanye nini na nyuso zao.

Onyesho lilikuwa kama maonyesho ya watoto yalivyo. Mtoto wa dereva alianza wimbo wa kufungulia, akateleza mahali pamoja, akajizoazoa, akaendelea, na bibi yake alisimama katikati ya ukumbi na kumpungia kwa shangwe, mikono yote miwili juu. Fundi hakuwa na kinyongo na yule mtoto, ila kila noti ilimchoma kwa sababu alijua ni ya nani. Hakutulia kitini. Alikunja mguu, akakunjua, akageuka, mpaka mkewe akamwekea mkono gotini. Lakini watoto walipoingia kwa sauti, alimwona Chiriku anaimba mdomo wazi kabisa, mishipa ya shingo imesimama, na ukumbi ulipoanza kupiga makofi, Fundi alipiga kwa nguvu zake zote mpaka viganja vikawa vyekundu.

Walirudi kwa miguu. Mama alitangulia na begi, na baba na mtoto walifuata nyuma. Mwalimu alikuwa amesema Chiriku aje kwenye kinanda kila mchana kuanzia wiki ijayo, wafundishe vidole upya, na hilo lilikuwa jambo jema, lakini halikuwa leo. Fundi alitaka kusema kitu cha kufidia na kila alichokifikiria kilikuwa kidogo.

"Baba," alisema Chiriku.

"Naam."

Wakapita duka, wakapita duka jingine. Mtoto alikuwa anapiga jiwe kwa kiatu, akilifuata, akilipiga tena.

"Sema, mwanangu."

"Ulikuwa unapiga makofi vibaya." Alilisema upesi, macho kwenye jiwe. "Wote walikuwa wanakwenda na wimbo, wewe ulikuwa unachelewa. Wimbo wote. Nilikuwa nakusikia kule jukwaani."

Mbele yao mama alipunguza mwendo. Fundi Rula alisikia lile joto la zamani likimpanda kifuani, na majibu yakaja yenyewe, yamejipanga wima yote: ukumbi ulikuwa na mwangwi, aliyekaa nyuma yake ndiye aliyekuwa anachelewa, na nani amesema makofi yana sheria. Alihema. Mtoto alikuwa ameacha kupiga jiwe. Alisimama mbali naye kidogo, mabega yamepanda.

"Nilichelewa wapi?" aliuliza Fundi.

"Kila mahali."

"Nionyeshe."

Chiriku alimwangalia usoni, akitafuta dalili ya kununa. Kisha akaja, akaanza kuimba ule wimbo wa kufungulia kwa sauti ndogo, akamshika baba yake vifundo vya mikono, akavigonganisha pale palipotakiwa.

"Sasa mwenyewe," alisema, akamwachia.

Fundi alipiga.

"Umechelewa."

Akapiga tena, katikati ya barabara, watu wakimpita na kugeuka kumwangalia.

"Umechelewa tena, Baba. Usisubiri kusikia wenzako. Rudia."

Akarudia.